Siku Kukhu Alipopata Mafua

Ijumaa, 14 Novemba. Asubuhi ukungu mzito, nyumba ya ng'ambo haikuonekana hadi saa mbili. Baadaye jua, lakini si kali.

Nekesa wangu,

Kwa kawaida hapa naandika hali ya hewa, dawa alizokunywa mama mzee ninayemtunza hapa ugenini, Muaither, na aliyenipigia simu. Ulikuwa ukinicheka: "Mwende, hiyo shajara yako ni ripoti ya zamu." Leo ripoti ni yako.

Tulikuzika kwa simu, tumeinamia kioo kimoja sote, mtandao ukikatika kila jeneza lilipokaribia kaburi. Tangu hapo mambo yamesonga. Kwenye ile nyumba uliyolelea watoto kule Pearl wameleta dada mwingine, Mganda, mpole, naye siku hizi huja kukaa nasi. Ijumaa tunaendelea kukutana Mesaimeer kabla ya ibada, palepale kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, na chapati na chai ya themosi. Ninapoketi huwa naacha nafasi upande wako. Sipangi. Mkeka wenyewe nautandika hivyo.

Lakini nilitaka kukuambia habari za kitabu.

Ulipolazwa hospitalini ukaniachia funguo za kabati lako, kilikuwa humo, kile kitabu cha zamani ulichookota karibu na lifti, familia fulani ilipokuwa ikihama. Mwandishi wake bado ananitazama kwenye ukurasa wa kwanza, kola imempanda hadi kidevuni. Zaidi ya miaka mia imepita tangu awaandikie wasichana hadithi za kukua. Ulisema, "Huyu mama amewahi kufanya kazi kwa nyumba za watu. Jikoni anapajua sana."

Kila Ijumaa ulitusimulia sura moja. Heti, yatima, alipelekwa kwa nyanyake mshona kofia katika mji wa baridi. Nyanya ukamwita Kukhu, kama kwenu Bungoma. Theluji ukatuambia ni kama kuingia kwenye friji ya nyama dukani bila sweta, halafu mtu akufungie mlango. Wasiojua Kiingereza walimjua Heti kuliko mimi niliyefaulu mtihani wa lugha hiyo.

Ulipoondoka wakanigeukia. Wiki ya kwanza nilitafsiri sentensi baada ya sentensi, kwa uangalifu. Mama Sharon, unamjua na mdomo wake, akanikatiza: "Mwende, hata theluji yako haina baridi. Usituletee ya kitabu, tuletee ya Nekesa."

Kwa hiyo Jumatano hii nilirudi nyuma kwenye kurasa, nitazame ulivyokuwa ukifanya. Nikakuta Kukhu amekufa.

Amekufa sura nyingi zilizopita, Nekesa! Homa, siku mbili, akazikwa. Na wewe ulikuwa ukitembea naye wakati wote huo. Siku ile Kukhu alipomfokea kijana wa duka la vitambaa, tukacheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini, kitabuni hakuna Kukhu. Maneno yote yalikuwa yako.

Nikakumbuka sura ya kifo hicho iliangukia siku gani. Mama Sharon alikuwa ametoka kumzika mamake kwa simu, macho yamevimba, chai yake imepoa mkononi. Ulifungua kitabu, ukamtazama, ukakifunga. "Leo Kukhu ana mafua tu," ukasema. "Heti anampikia uji." Mimi nilidhani umechoka.

Sasa ilibaki sura ya mwisho. Heti amekuwa msichana mkubwa, amepata nafasi ya chuo cha ualimu mjini, anapanda treni na kwenda. Anaweza kwenda kwa sababu nyumbani hakuna tena wa kumwacha. Ndivyo yule mama wa kola alivyoona, kwamba msichana hukua akishabaki peke yake. Nifanye nini mimi? Nimuue Kukhu mbele ya Mama Sharon, ambaye amemng'ang'ania mwaka mzima? Au Heti asiende, na wote wamengoja aende? Siku mbili nimempa mama mzee chakula huku nikiwaza hilo. Ningekupigia simu. Mkono ulifika kwenye jina lako.

Leo niliacha kitabu kwenye mkoba. Nikawaambia Kukhu alimsindikiza Heti hadi stesheni, akitembea polepole, akilalamika kwamba sanduku limefungwa vibaya. Treni ikaja. Heti akapanda. Kukhu akabaki amesimama, yuko hai, anaonekana mdogo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Sharon akauliza, "Sasa Kukhu ameachiwa nani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, Nekesa. Yule Mganda akasema labda jirani atamchotea maji. Mwingine akasema atakuwa akipigiwa simu Ijumaa. "Treni ya zamani hivyo, simu gani?" Wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akamwaza wake aliyemwacha stesheni. Mama Sharon alikuwa akikunja kitambaa cha chapati, anakikunja, anakikunjua.

"Aende tu," akasema mwishowe. "Mama yangu pia aliniambia niende. Alinisukuma mgongoni, hivi." Akatuonyesha kwa mkono, akalia. Na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza tangu uende. Tulichelewa ibada.

Sijui kama ungemaliza hivyo. Pengine ulikuwa na mwisho wako, uliokuwa ukiuandaa huko Pearl huku ukiwaosha watoto wa watu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote. Nautaka huo mwisho. Naitaka sauti yako ikinisimulia, nami nisijue kitakachofuata.

Mama yako alipiga simu Jumapili. Anasema hakuna mtu anayemweleza ulivyokuwa ukiishi huku, wanamwambia tu ulikuwa mchapakazi. Likizo yangu ni Aprili. Nitashuka Nairobi, nitapanda hadi Bungoma kabla sijafika kwetu Machakos, nitakaa naye, na nitamsimulia Heti tangu mwanzo, kwa maneno yako yote ninayoyakumbuka. Hiyo nakuahidi.

Pumzika, mwenzangu. Mama mzee ameshalala. Nazima taa saa tano kasorobo.

Mwende