Herufi za Feruzi

Tshopo, Kisangani
Jumapili asubuhi

Kwako yaya wangu, dada yangu mkubwa Malika,

Salam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua za Bafwasende zimewaachia barabara. Mama anakusalimu, mguu wake umepona, sasa anakwenda sokoni bila fimbo. Mimi mwili wangu ni mzima. Barua naiweka mikononi mwa Yunus, dereva wa lori, kwa sababu kwenye simu ningelia kabla ya kusema, nawe ungeogopa.

Kwanza nikupe yaliyo matamu. Siku ya harusi uliniambia nitazoea. Yaya, sijazoea na sitaki kuzoea. Feruzi akirudi kutoka redioni, najua hatua zake kabla hajafika mlangoni, na moyo unanirukaruka kama samaki ndani ya kikapu. Unakumbuka nilimpenda kabla ya kumwona, nikichambua pondu, majani yale ya muhogo, kwa Mama, sauti yake ikisoma matangazo ya vifo na ya mitumbwi itokayo Isangi. Mlinicheka, mkasema nimependa mtu wa matanga. Sasa sauti hiyo ndiyo inayoniamsha, na hata ikisema chumvi imezidi, natamani irudie.

Sasa shida. Glodi, fundi wa mitambo pale redioni, huandika matangazo kwenye ukurasa wa mtandao wa redio, na Feruzi huyasoma hewani kutoka kwenye tableti. Mwezi uliopita Papa Mohamadi wa Lubunga alileta tangazo kwamba kaka yake Idrissa amefariki. Feruzi akasoma kinyume: Idrissa ndiye anayetangaza, Mohamadi ndiye marehemu. Kabla ya adhuhuri Papa Mohamadi alikuwa amevuka mto na kusimama uwanjani mwa redio, akauliza matanga yake yako wapi, nani amelia kweli na nani amekuja kula tu. Watu walicheka. Kisha mzee akaketi chini akalia mwenyewe, maana kaka yake alikuwa amelala nyumbani, na ndugu wote walikuwa wakija na jina lisilo lake mdomoni.

Mkurugenzi, Papa Nicolas, hakupiga kelele. Alimwambia Feruzi kwamba jina la marehemu ndicho kitu cha mwisho mji huu unachompa mtu, na kwamba likikosewa jina jingine ataiacha mikrofoni. Yaya, Feruzi bila mikrofoni ni ngoma iliyovuliwa ngozi. Tangu siku ile alikula kidogo, na mimi nyumba niliyoiona kama peponi ikaanza kunibana.

Nikaenda kuuona huo ukurasa. Herufi ndogo kama sisimizi, tangazo limelaliana na tangazo. Nikamwambia Glodi kosa ni la ukurasa, si la mume wangu. Akajibu kwamba yeye hana nafasi. Nikamwambia, bon, basi, si mimi nilisoma ushonaji shuleni? Ukurasa ni mwili tu, nguo nishone mimi. Akanieleza kwamba maneno ya ukurasa ndiyo mwili, na CSS ni lugha fupi ya kuuvisha: herufi ziwe na ukubwa gani, rangi gani, nafasi gani kati ya mstari na mstari. Akanitilia masomo na nakala ya ukurasa kwenye simu, akasema nikifaulu atauvisha ule wa redio.

Nilidhani nitaweza kama ninavyokata gauni. Mara ya kwanza niliupaka rangi zote za kitenge cha harusi yetu, waridi juu ya kijani, kijani juu ya manjano. Glodi alisema unafanana na ndege aliyemwagiwa mafuta ya mawese. Feruzi aliutazama kwa muda, akasema ni mzuri kama mimi. Hakusoma hata neno moja, nami kwa furaha sikulitambua hilo.

Baadaye niliteseka. Nilisahau kufunga mabano kwenye amri za jina la marehemu, na kila amri iliyofuata chini yake ikakataa kutii. Nikajifunza kwamba kuna neno la kuifanya amri moja izishinde nyingine. Nikalibandika kwenye amri zote, ikawa kama nyumba ambayo kila shangazi ana neno la mwisho. Nilisahihisha, nikaharibu, nikalia. Na sisi tunaosikia maji ya bwawa la umeme yakinguruma, umeme wetu unakatika kabla simu haijapata chaji ya kutosha. Kila nikishindwa nilimwona Papa Nicolas akichukua mikrofoni mkononi mwa mume wangu.

Mwishowe ukatii. Nyuma nyeusi, familia kwa herufi nyeupe, na jina la marehemu peke yake kwa manjano, ili pasiwe na mtu wa kumchanganya aliye hai na aliyekufa. Glodi akauvisha ukurasa wa redio nguo zangu, akanipa na neno la siri nizirekebishe mwenyewe. Kila asubuhi, kabla Feruzi hajaenda kazini, niliufungua na kumsomea matangazo yote kwa sauti, nihakikishe hakuna neno lililomezwa na ukingo wa kioo. Naye kila asubuhi alisema niongeze kidogo. Niliongeza. Akasema tena niongeze kidogo. Nilifikiri ananitania ili nikae karibu naye. Herufi zikakua hadi jina moja likajaza kioo kizima.

Ijumaa alisoma bila kosa hata moja. Nyumbani nilicheza na kifuniko cha sufuria. Nikampelekea chakula redioni kama malkia, na Glodi akanivuta pembeni, akaniuliza Feruzi anafanyaje uchawi ule. Tableti ilikuwa imezimika tangu mwanzo wa matangazo. Glodi alimpungia mikono nyuma ya kioo cha studio, lakini Feruzi hakuinua kichwa. Aliendelea kusoma kwenye kioo cheusi, akikisukuma kwa kidole kama mtu anayefungua kurasa.

Yaya, mume wangu haoni. Nilipomuuliza hakukataa. Alisema ukungu ulianza kabla ya ndoa, na daktari wa macho alimwambia kinachokwenda hakitarudi. Siku ya harusi aliona rangi za kitenge tu. Uso wangu anao wa mwaka jana, kabla ya harusi, anautunza. Herufi zangu kubwa kwake ni moshi wa manjano. Alikuwa akishika kichwani niliyomsomea asubuhi; kabla ya hapo alishika yale wenye matangazo waliyomweleza kwa mdomo, na la Papa Mohamadi likamgeukia. Alinificha akiogopa nitasema nimedanganywa. Nikamwambia niliolewa na sauti, habari za macho sikuziuliza kwa mtu.

Lakini usiku huohuo niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kuna matangazo yanayofika mchana, ambayo mimi sijamsomea. Leo au kesho atamzika tena aliye hai. Basi tumekubaliana: kesho tutakwenda pamoja kwa Papa Nicolas, Feruzi atasema mwenyewe, na tutamwomba niketi kando yake, nimnong'oneze sikioni mstari baada ya mstari, naye aupe mji. Papa Nicolas anaweza kukataa, na akikataa sijui nitamrudisha nyumbani mtu gani. Tuombee. Mama usimwambie, nitamwambia mimi.

Asubuhi hii nimeufungua tena ukurasa. Herufi nimezirudisha kuwa ndogo, kadiri ya macho yangu. Manjano ya jina la marehemu nimeyaacha.

Wabusu watoto, umsalimu shemeji. Feruzi naye anakusalimu. Ameketi hapa, ameitamka salamu, mimi nimeiandika.

Mdogo wako akupendaye,
Nyota wa Feruzi