Ndoo ya Chini

Salamabila, Ijumaa baada ya swala

Kwa yaya yangu Riziki, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaikum. Kabla ya yote naulizia goti lako, na kifua cha Mama, kama kimetulia tangu mvua zianze. Mimi mwili ni mzima. Mwamini, mke wangu, anakula sasa, kidogo kidogo, na jana alicheka jirani alipoteleza kwenye tope na ndizi zake kichwani. Habari njema nyingine sina.

Barua hii inaletwa na motari, yule wa pikipiki wa mtaa wetu. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimpe mtu mwingine. Simu ingefika upesi zaidi, lakini kwenye simu ningetafuta mahali pa kukatia maneno. Unanijua.

Mama ameniambia umelitoa chujio lako la maji nje, sasa kuku wananywea humo. Ameniambia pia huendi tena kwenye matanga ya watu, kwa sababu ukiingia wanawake wananyamaza. Wanasema Riziki alinunua chujio bovu sokoni Kasongo, akampa mdogo wake, na mtoto akafa. Yaya, chujio halikuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Kosa ni langu, nami nimelinyamazia hadi arobaini ya mtoto ikakaribia.

Nianzie nyuma kidogo, ili Mama na Baba mdogo wakisomewa waelewe yote.

Mwamini alipokuwa na mimba ya Zaituni nilikuomba unitafutie kitu cha kusafisha maji, maana huku kila kijito kina watu wanaooshea mchanga wa dhahabu. Nilikuwepo siku uliponunua, nakufuata nyuma kwa uvivu, natamani turudi kunywa chai. Mfanyabiashara wa kwanza alikuonyesha chombo kirefu chenye taa ya bluu. Ukamuuliza taa inawaka kwa nini, akasema kwa umeme, ukacheka ukaondoka. Wa pili alikuwa na kile cha kutiwa chumvi, cha kulainisha maji. Alikisifu sana: sabuni itatoa povu, sufuria haitashika magamba meupe. Ulimjibu hivi:

"Miye natafuta maji ya mutoto kunywa, haiko ya kufulia. Maji laini ni kitu ingine, maji safi ni kitu ingine."

Kwa wa tatu ulikuta ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ina mshumaa mweupe wa udongo, maji yanapenya humo tone kwa tone, na ya chini inayapokea, nayo ina robine, bomba dogo la kufungulia. Uliutoa ule mshumaa, ukaugeuza kwenye jua kutafuta ufa, ukaugonga kwa ukucha ukasikiliza. Mwenye duka akasema huyu mama anachagua kama anayemwoza binti yake. Nilicheka na mimi. Hakuna mtu Kasongo nzima ambaye angeweza kuchagua vizuri zaidi ya hapo, na leo wewe ndiye wanayekunyamazia.

Ukanunua mawili, lako na letu, kisha ukatuandikia karatasi ya daftari, tukaibandika ukutani. Mshumaa usuguliwe kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Robine isishikwe kwa mikono michafu. Maji yanayotoka kwenye mashimo ya dhahabu, yenye zebaki, tusiyatie kabisa kwa sababu hakuna mshumaa unaoyaweza, tuchote chemchemi. Na mstari wa mwisho uliupigia mistari miwili: ndoo ya chini ni ya maji yaliyokwisha kupita, msimwage kitu humo. Niliusoma, yaya. Nilikuwa nauona kila siku.

Mwamini aliishika karatasi ile kama amri. Kila Ijumaa aliusugua mshumaa, akaisuuza ndoo kwa maji ya moto. Tatizo letu lilikuwa Zaituni. Alipoanza kutembea aliipenda robine kuliko kitu chochote nyumbani. Akiifungua anapiga makofi maji yakitoka. Ukimkemea anakutazama, anaifungua tena. Kwa hiyo ndoo ya chini haikujaa hata siku moja.

Mkwe wangu alikuja toka Wamaza kumwona mjukuu, yeye na ndugu zake wawili. Ilikuwa mchana wa jua kali, Mwamini yuko sokoni na mtoto mgongoni. Unajua tulivyolelewa: mgeni anapewa maji kabla ya kuulizwa habari za njia. Nikafungua robine, ikatoa nusu glasi, ikanyamaza. Juu ndoo imejaa, inadondoka kwa utaratibu wake kama mzee anayevuta tasbihi. Wazee watatu wamekaa, vumbi hadi kwenye kope. Mimi mwenye kibanda cha kuuza mabuti na tochi, mwenye kibao cha jina langu barabarani, nimwambie baba mkwe angoje maji? Niliona haya. Nikajificha nyuma ya pazia, nikainua ndoo ya juu, nikachukua bidoni, lile dumu la maji ya kijito, yale ya kufulia, nikamimina moja kwa moja ndoo ya chini. Nikarudi nikafungua robine mbele ya macho yao.

Mkwe akanywa glasi mbili. "Maji ya filtri iko tamu," akasema. "Kweli, mukwe wangu unaishi muzuri."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walirudi kwao salama, hakuna aliyeumwa hata tumbo, nami nikaliona jambo ni dogo. Nikalirudia walipokuja wateja. Nikalirudia alipopita imamu. Mwisho nilikuwa namimina hata bila mgeni, kwa sababu nina kiu na sina subira. Mwamini hakujua. Alikuwa anasugua mshumaa kila Ijumaa, na mimi nimekwisha kuharibu kazi yake chini.

Zaituni alipoanza kutapika na kuhara tulimbeba kituo cha afya. Muuguzi alitundika chupa ya serumu haraka, mtu mwema, akauliza:

"Kwenu munakunywaka maji gani?"

"Ya filtri tu," Mwamini akajibu. "Toka mutoto alizaliwa, hajakunywa ingine."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Filtri zingine iko za uongo, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika viatu vya mtoto. Nafasi ya kusema ilikuwa ile. Nikaviangalia viatu. Siku ya tatu, asubuhi, Zaituni akatuacha.

Siwezi kuapa kwamba ni maji yale. Watoto wanakufa huku kwa mambo mengi, Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilichomimina nakijua. Na neno lile la muuguzi lilitoka kituoni likaingia matangani, wakasema filtri ya Kasongo, kisha wakalitaja jina lako. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, napokea pole kwa mikono miwili. Niliwaacha waseme. Hilo ndilo ninaloliona aibu kushinda hata lile la kwanza.

Mama aliponisimulia habari ya kuku, niliacha sahani nikainuka. Nikamwambia Mwamini kwanza. Alikuwa anaosha ndoo. Hakulia. Akaniuliza tu:

"Ile kopo nilimupa magharibi, mbele aanze kutapika. Ulikuwa umeisha kumwanga maji ya kijito?"

Nikamwambia ndiyo. Akafuta mikono, akaenda kwa jirani, akarudi kesho yake alasiri. Tunaongea sasa, habari za chumvi na kuni. Msamaha sijauomba, sijui nitauombea kwa mdomo upi.

Siku ya arobaini mkwe akaja tena na ndugu zake wale wale. Nikawaambia mbele ya watu, glasi zikiwa mikononi mwao. Nilitegemea fimbo. Ningeipokea kwa furaha. Mzee akaiweka glasi chini.

"Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Ungeniambia maji ingali inapita. Miye ningengoja."

Mpaka leo naisikia ile "ningengoja" nikiwa dukani, nikiwa njiani, nikiwa nasali.

Basi yaya, isome barua hii mbele ya Mama na Baba mdogo, na uwaite wale wanawake wanaokunyamazia. Sauti ikikushinda, mpe Baba mdogo aisome. Usiruke mahali, usinitetee. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliyekufa ni mwingine, anayeumbuka ni mimi, ni haki. Halafu watoe kuku kwenye chujio lako. Lioshe kwa maji yaliyochemka, utazame mshumaa kwenye jua kama siku ile, ulirudishe ndani mahali pake.

Mwambie Mama asinilaani, aniombee tu. Baba mdogo aliyenifundisha kusoma, namshika mkono. Shemeji yangu, mume wako, mwambie cherehani yake nimeitafutia mkanda, utakuja na motari. Na bibi jirani aliyetuosha sote tulipozaliwa, msalimie, ila yeye mwelezee polepole.

Chujio letu bado lipo pale pale, karatasi yako bado ukutani. Mwamini ameusugua mshumaa leo asubuhi, Ijumaa kama kawaida. Ndoo ya chini siku hizi inajaa hadi juu. Hata wakija wageni kumi maji yatatosha, hakuna tena wa kuifungua robine apige makofi.

Ni mimi mdogo wako,
Ramazani, ambaye huku bado wananiita Papa Zaituni