Gramu Mia Tatu na Kumi za Supu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeonja maembe makavu, trei sita. Ya nne ilikuwa na ladha ya boksi. Nimeandika hivyo hivyo kwenye fomu: boksi. Mkuu wa maabara alicheka, kisha akaenda stoo kuangalia. Kweli! Pakiti zililazwa juu ya maboksi mapya siku tatu. Ndiyo maana pale kiwandani naitwa Babu Ulimi. Miaka sabini na moja, magoti yamechoka, macho hayaendi bila miwani, lakini ulimi bado unaingia kazini asubuhi tatu kwa wiki.

Mchana mpwa wangu alipiga simu. Habari za Dada si nzuri. Tangu atoke hospitali anakula vijiko viwili, kisha anasukuma bakuli. Amekonda mpaka pete inamvuka. Anachotaka ni supu ya boga ya mama yetu, basi. Mpwa ameipika mara tatu, na mara tatu ameambiwa si yenyewe.

"Sasa mjomba, mimi nitaijulia wapi? Bibi alifariki sijazaliwa."

Ni kweli. Tumebaki wawili duniani tunaoijua supu ile. Mmoja hawezi kusimama jikoni. Mwingine yuko huku ugenini mwaka wa arobaini na moja, na karatasi zake hazimruhusu kukanyaga kule.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo. Muuguzi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, anakwenda kule Jumapili ya tarehe 16. Begi limejaa, kanibakizia nafasi ya nusu kilo. Nusu kilo ya supu ni bakuli mbili ndogo. Nusu kilo ya supu iliyokaushwa pale kiwandani ni sufuria nzima!

Nilimwendea Mama Barafu, fundi wa mashine za kukaushia. Anayo moja ndogo ya majaribio, ukubwa wa kabati la nguo. Nilimweleza yote. Alifuta miwani yake muda mrefu, kisha akasema Ijumaa iko wazi, nikamwombe meneja. Meneja amekubali. Ameuliza tu kama naye ataonjeshwa.

Miaka mitatu naonja vitu vya mashine zile, na leo ndiyo kwanza nimeuliza zinafanyaje. Unagandisha chakula mpaka kiwe jiwe. Unanyonya hewa yote iliyo ndani. Kisha unapasha joto taratibu, na barafu inageuka mvuke moja kwa moja, haipiti kwenye umaji hata dakika moja. Mvuke unatoka. Chakula kinabaki na umbo lake, rangi yake, harufu yake. Siku mbili kamili. "Ukiiharakisha inakununia, babu," alisema Mama Barafu.

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima. Kutolewa maji yote na bado kubaki na umbo — najua watu wa namna hiyo.

Jioni nikampigia Dada kumpa habari. Sauti nyembamba, ubishi ule ule. "Usisahau ndimu!" Nikamwambia Mama hakutia ndimu. Uchachu ulitoka kwenye nyanya mbichi. "Wewe mtoto, ulikuwa unaona nini? Ulikuwa hufikii hata mfuniko!" Mabishano haya yana umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Akakata simu. Baadaye mpwa akanitumia ujumbe: hajamsikia mama yake akipaza sauti hivyo tangu Desemba.

Ijumaa, 7 Machi

Jikoni tangu alfajiri. Boga, vitunguu vya kukaanga mpaka vikawa kahawia, nyanya mbichi, tangawizi, pilipili manga. Mafuta kijiko kimoja tu, maana Mama Barafu ameonya kwamba mafuta hayakauki. Ndimu, hakuna. Mke wangu, mzaliwa wa huku huku, alisimama mlangoni amejishika kiuno. "Miaka thelathini na minne! Kumbe unajua kupika!" Nikamwambia hakuwahi kuuliza.

Kiwandani Mama Barafu alinionyesha mstari ndani ya trei. Kimo cha kucha ya kidole gumba, nisipite hapo. Kisha akaitwa upande wa pili. Nikamimina hadi kwenye mstari na kutazama. Aibu! Trei kama imelambwa. Kwetu bakuli la nusu lilikuwa tusi kwa mgeni; Mama alijaza mpaka supu itetemeke ukingoni. Nikaongeza kidogo. Nikaongeza tena.

Aliporudi nilikwisha funga mlango. Akauliza, nimefuata mstari? Nikasema ndiyo. Mtu mzima mwenye mvi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa!

Saa nane mchana simu ililia. "Babu, njoo uone mchoro wako." Nikajua.

Mlango wa kioo ulikuwa rangi ya boga tupu. Dari ya ndani, rangi ya boga. Mabomba, rafu, mpaka kwenye kishimo cha skrubu. Supu ilikuwa nene mno, haikuganda katikati. Hewa ilipoanza kunyonywa, maji yale ya katikati yakachemka kwa ghafla na kuruka kila upande.

"Ulipimia kidole gumba cha nani?" aliuliza Mama Barafu. "Cha tembo?"

Nikakiri yote, mpaka habari ya bakuli la nusu. Alicheka hadi akakalia ndoo. Kisha akanipa brashi. Tumesugua saa tatu, mimi nimepiga magoti kama ninayeomba msamaha, na ndivyo ilivyokuwa.

Mashine ina mananasi ya mteja hadi Jumatano mchana. Baada ya hapo nafasi ni moja tu kabla muuguzi hajaondoka. Nikiharibu tena, Dada hapati kitu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepika upya. Nimemimina hadi kwenye mstari, si zaidi. Mama Barafu alisimama nyuma yangu kama mlinzi wa benki. Lita tatu, katika trei nyingi za aibu.

Dada leo: kijiko kimoja.

Alhamisi, 13 Machi

Si siku yangu ya kazi. Nimepita kiwandani mara mbili. Kuna kioo kidogo pembeni mwa mashine, na hakuna cha kuona humo. Nimekitazama hata hivyo.

Ijumaa, 14 Machi

Imekubali! Imekubali!

Vipande vyepesi kama chaki, rangi ile ile, vinavunjika kwa vidole. Lita tatu zimeingia, gramu mia tatu na kumi zimetoka. Tulichukua kipande, tukatia maji ya moto, dakika mbili, na tazama — supu. Meneja akaonja, akaonja tena, akajifanya hajaonja ili apewe ya tatu. Mama Barafu akasema sasa ameelewa kwa nini nilitaka kujaza.

Mimi nikajaza fomu, kama kazi yoyote. Rangi: sawa. Harufu: sawa. Uzito kinywani: sawa. Ladha. Hapo nikakaa na kalamu.

Kuna kitu kimepungua. Kidogo tu, mwishoni, kando ya ulimi. Wala si kosa la mashine. Hata sufuriani Jumatano hakikuwemo, nami nikajifanya sijui. Maembe ya wageni nayajua mpaka boksi lililoyabeba. Supu ya mama yangu je?

Nikaandika: sawa. Huo ni uongo wa pili mwezi huu.

Lakini kabla ya kufungasha nilipita kwenye mashine kubwa, wanakokausha ndimu wiki hii. Nikamwomba Mama Barafu unga wa ndimu hizo, kijiko kimoja, katika kifuko cha peke yake. Hakuuliza. Nimekilaza chini kabisa ya boksi, chini ya pakiti kumi za supu. Sikukiandikia kitu.

Jumapili, 16 Machi

Muuguzi ameondoka saa nne asubuhi. Alilipima boksi kwenye mizani ya bafuni mara mbili, hakuamini. "Babu, una hakika humu mna chakula?"

Mke wangu akajibu kwa niaba yangu: "Mna ubishi. Umekaushwa vizuri."

Alhamisi, 20 Machi

Saa kumi alasiri. Boksi lilifika jana. Simu iko mezani kando ya daftari hili, nimefungua spika. Mke wangu yuko upande wa pili wa meza na sindano, anashona kifungo ambacho hakijakatika.

Mpwa anasema maji yamechemka. Anasoma maelezo yangu kwa sauti: pakiti moja, kikombe kimoja, koroga, subiri dakika mbili.

Dada: "Ndiyo hii? Ananitumia chaki?"

Mpwa anacheka. Anakoroga. Dakika mbili ni ndefu. Nimekwisha chora trei pembeni mwa ukurasa. "Mjomba! Imekuwa supu!" Kama vile nilituma kitu kingine.

Kijiko cha kwanza.

Cha pili. Hapa ndipo anaposukuma bakuli.

Cha tatu.

"Wewe mtoto," anasema Dada.

"Naam, Dada."

"Ngoja."

Nangoja. Kitu kinachakurwa ndani ya boksi. Pakiti zinadondoka, moja, mbili. Mpwa anauliza: "Mama, unatafuta nini huko chini?" Kisha kitu kinachanika, kifuko kidogo kwa sauti yake. Sindano ya mke wangu imesimama hewani. Ananitazama. Natazama daftari.

Sasa kijiko tena. Kinagonga bakuli. Haraka. Nimehesabu hadi kumi na nne, nikapotea. Mimi siulizi.

Kinakwaruza. Amefika chini, bado anakwaruza.