Pua ya Kuazima

Jumatatu, 6 Oktoba

Kidonge baada ya chai na mkate. Wiki ya pili sasa. Kinywa kikavu, meno yanasagana yenyewe. Mikono yatetemeka, si sana, ila kupima miski ya udi kwa kile kijiko kidogo imekuwa kazi. Leo nimemwaga. Nimeifuta na kitambaa, nikakinusa nione kama chafaa kuhifadhiwa, nikakimbilia msalani. Chai yote imerudi.

Hiyo ndiyo taabu. Riziki yangu ni pua. Miaka kumi na sita napika udi, tangu mume wangu Mohamed aende Maskati kwa "miezi sita tu" akaoa huko huko. Sikupewa mtaji na mtu. Nalianza na sufuria ya kuazima, nikiuza udi wa kukunja kwenye karatasi, mlango kwa mlango. Sasa nina duka Bondeni na wenye majumba ya Kizingo hunipigia simu wenyewe. Leo pua ile ile inanikataa. Udi wangu, niliowafukizia mabibi harusi wangapi, wanichafua tumbo kama samaki aliyelala.

Daktari alisema ni unyogovu, na wasiwasi juu yake. Agosti yote nalilala nimeelekea ukuta, duka limefungwa. Alinieleza mapema: vidonge vitanisumbua kwanza, nafuu itakuja wiki za mbele. Biashara gani hii, hasara mbele faida nyuma? Lakini hata duka lilianza hivyo. Nikakubali.

Bi Shamsa wa Kizingo amwoza bintiye mwisho wa mwezi. Ataka kilo sita. Udi ufike Jumamosi tarehe ishirini na tano, ukae umefunikwa siku kadhaa harufu ishikane, ndipo nguo za bibi harusi zifukizwe. Sijawahi kupata oda kubwa kama hii. Nikiharibu, Kizingo yote itajua kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Miguu haikai. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Nimefagia duka mara tatu. Moyo wenda mbio kama niliyeiba. Sijaiba kitu.

Jioni Rukia amepanda juu. Huyu ni dadake Mohamed, akaa orofa ya chini yangu hapa Kibokoni. Kaka alipooa Maskati yeye ndiye aliyenunua halwa. Sijasahau. Ameviona vidonge mezani.

"Wifi, hizi ni dawa za kupumbaza. Wewe una jini kichwani. Nenda ukasomewe."

Nikamwambia nasomewa, na vidonge nameza. Mungu hakunitaka nichague kimoja.

"Basi mbona watetemeka?"

Nimemchukia zaidi kwa swali hilo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jana nimejaribu kupika. Nimeinjika sukari na marashi ya mawaridi, nikasimama juu yake kama siku zote. Udi hupikwa kwa pua, ndivyo nilivyofunzwa. Sukari ina saa yake: yaacha kunuka tamu, yaanza kunuka moto kidogo, hapo ndipo vipande vya udi huingia. Ukiwahi, udi wanata kama kashata mbichi. Ukichelewa, wanuka makaa. Mimi sikufika hata katikati. Nimezima moto, nikatapikia ndoo.

Nimepiga hesabu. Nikiacha kidonge leo, kufikia Jumatatu tumbo limetulia. Napika wiki nzima. Tarehe ishirini na tano naupeleka udi. Ishirini na sita nakirudia kidonge. Ni wiki mbili tu. Duka hulifunga kuhesabu mali nikalifungua tena, na bidhaa huzikuta pale pale. Kidonge nacho kitanisubiri.

Sikumpigia daktari. Angesema la.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hesabu imekubali! Tumbo safi. Nimekula viazi vya rojo sahani nzima, nimeusikia ukwaju. Pua imerudi. Nimepika kilo mbili za mwanzo, zimetoka nyekundu, zang'aa, harufu ya ambari yaja nyuma taratibu kama inavyopaswa. Nimepasha kipande juu ya kaa la moto, nimefunga macho. Huyu ndiye mimi.

Nimempigia Bi Shamsa, nikamwambia asiwe na shaka. Nilijisikia nikiongea kwa sauti kubwa. Nimemwambia pia kwamba nyumba nzima ya mkwewe itaomba jina la mpishi. Sikuzoea kujisifu hivyo. Lakini siku nyingi sijapata cha kujisifia.

Bado kilo nne.

Jumatano, 15 Oktoba

Kitu kipya. Nikigeuza macho haraka, umeme wapita kichwani. Tss. Kama waya uliochunika. Hauumi, lakini dunia yaruka kidogo na mimi nabaki nyuma. Nimeshika rafu ya duka mara mbili. Mteja akaniuliza kama nimefunga saumu.

Nimemkaripia mama mmoja aliyetaka kupunguziwa. Mteja wa miaka. Akaniangalia tu, akaweka karatasi ya udi juu ya kaunta, akaenda zake. Baadaye nimelia kwa sababu chupa ya marashi haikufunguka. Chupa!

Ni uchovu. Kesho kutwa napika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika nimelala.

Nalikuwa juu ya sufuria. Sukari inachemka, mimi nikanusa, nikangoja. Umeme ukapita, tena ukapita. Mara kifua kikabana. Pumzi haishuki. Vidole vikafa ganzi. Nikajua nakufa, sikudhani, nilijua, na wazo langu la pekee likawa: moto uko juu na udi wa Bi Shamsa waungua. Nikateremka ngazi kwa makalio kama mtoto. Rukia akanikuta mlangoni mwake.

Hakupiga kelele. Ajabu. Amenikalisha chini, ameniwekea maji kwenye utosi, akahesabu pumzi zangu kwa sauti kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Kisha akapanda kuzima moto. Akarudi na sufuria mkono mmoja, bamba la vidonge mkono mwingine.

"Wifi, hili bamba tangu wiki jana halijapungua."

"Ulisema ni za kupumbaza."

"Nilisema. Na wewe lini ulinisikiza mimi? Leo ndiyo umeamua?"

Kilo mbili zimekuwa makaa. Sikulia kwa ajili ya udi. Nililia kwa sababu Rukia amesema kweli, na amesema mbele ya binti zake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Daktari. Rukia amenisindikiza, sikumwalika. Kifua kimepimwa, moyo mzima. Ule ulikuwa wasiwasi, na umeme ni mwili unadai dawa iliyokatwa ghafla. Nikamweleza hesabu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Bi Zuhura, ukiwa wapika sukari, ukazima moto katikati ukauwasha keshoye, yatoka nini?"

"Mawe."

Sikupenda kufunzwa kwa mfano wa jiko langu mwenyewe, lakini nimeelewa.

Naanza upya na nusu kidonge, baada ya chakula cha usiku, si asubuhi. Kichefuchefu kitarudi kwa muda. Siku ya kuacha ikifika, tutaacha pamoja, polepole, yeye akijua.

Maana yake kichefuchefu changu kitafika wiki ile ile ya kilo nne. Nimeuliza kama naweza kuanza tarehe ishirini na sita. Ameniangalia. Rukia naye ameniangalia.

Leo nimemeza. Nina hasira na kila mtu.

Jumanne, 21 Oktoba

Tumbo limechafuka kama nilivyotabiri. Miayo, jasho shingoni, ndoto za kukimbizana. Umeme umepungua, hilo nakiri.

Bi Shamsa amepiga simu. Maneno yamefika Kizingo kabla ya udi. Nani kayapeleka sijui, ngazi za Kibokoni zina masikio.

"Bi Zuhura, samahani mwenzangu. Shangazi yangu asema udi wa bibi harusi haupikwi na mtu asiyekuwa sawa kichwani. Ati ni nuksi. Wewe wasemaje?"

Ningeweza kukana. Agosti ningekana. Nikasema ndiyo, naugua, natibiwa, nameza dawa kila usiku. Wanaougua bila kumeza ni wengi zaidi na hao hawaulizwi.

Nikasikia kijiko kikikoroga kikombe upande wake.

"Na udi utanukia?"

"Usiponukia, usiupokee."

"Haya. Jumamosi. Lakini Bi Zuhura, nitaufukiza mbele yako kabla sijaupokea."

Haki yake. Nikakata simu nikakaa chini sakafuni.

Alhamisi, 23 Oktoba

Pua sina. Macho ninayo. Nimewaza tangu juzi: sukari ikiiva hubadilika pia machoni, ila sijawahi kuitazama, kwa sababu aliyenifunza aliwacheka wenye kutazama. Tone kwenye bakuli la maji baridi. Likitawanyika, bado. Likiwa laini kama ulimbo, bado. Likikatika kwa sauti, imekaribia. Huo ukaribu ndio hatari. Ukaribu wataka pua.

Nimeshuka kwa Rukia. Maneno yaligoma kutoka. Yalitoka.

"Niazime pua yako."

Amecheka mpaka akashika mlango. Kisha akavaa leso ya zamani na kupanda.

Mimi dirishani, ndimu imefungwa kwenye kitambaa puani, bakuli la maji mbele yangu. Yeye juu ya sufuria.

"Wanusa nini?"

"Utamu."

"Ngoja."

"Bado utamu. Wifi, nimechoka."

"Hata dakika tano hujasimama."

"Nimechoka tangu nikujue."

Tone likakatika majini, tik. Nikamwambia sasa asipumbae. Akainama, uso umekunjamana, kimya kabisa, sijapata kumwona Rukia kimya. Ghafla:

"Mkate! Mkate ulioshika chini ya sufuria!"

"Epua!"

Tukatia udi, tukakoroga wote wawili, miiko ikigongana, yeye akinitukana na mimi nikimtukana. Nimekwenda kutapika mara moja. Nimerudi. Ambari na miski amepima Rukia, mimi nikimtazama mkono, kile kijiko kidogo kakishika yeye. Kilo mbili. Kisha sufuria ya pili, kilo mbili nyingine. Nyekundu. Zang'aa. Kama zanukia, mimi sijui. Nimelazimika kumuamini mtu, na huyo ni Rukia.

Alipokuwa akinawa:

"Fungu langu?"

"Theluthi."

"Nusu. Na nuksi yako je, nimeivuta bure?"

Tumeishia theluthi na leso mpya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kizingo. Bi Shamsa ameweka chetezo cha makaa katikati ya sebule, shangazi kwenye kiti akinitazama mikono. Nimeiacha ionekane ikitetemeka. Rukia nyuma yangu, kimya mara ya pili wiki hii.

Moshi ukapanda. Nilibana pumzi nisichafuke. Sikuona kitu usoni mwa Bi Shamsa. Shangazi ndiye aliyejivuta mbele, akavuta moshi kwa kiganja ndani ya mtandio wake, mara ya kwanza, mara ya pili. Akasema, "Upo."

Neno moja. Kilo sita zimepokelewa.

Njiani Rukia amejisifu mpaka Kibokoni.

Jumanne, 11 Novemba

Kidonge kizima sasa, baada ya chakula cha usiku. Tumbo limetulia kiasi. Asubuhi bado ngumu, kifua chaamka kabla yangu. Lakini naamka.

Mchana duka tupu. Mwanamke mmoja ameingia, mgeni kwangu, buibui mpya, macho mekundu. Ameomba karatasi ndogo kabisa ya udi. Amelipa. Hakuondoka. Amegusa chupa hii, amegusa ile. Kisha, akiangalia sakafu:

"Wewe ndiye Zuhura wa vidonge?"

Damu ilinipanda. Kumbe ndilo jina langu sasa huko mitaani. Miaka kumi na sita ya udi, na jina ni hilo. Jibu kali nalikuwa nalo tayari mdomoni.

Nikaona mkono wake. Umeshika bamba zima la vidonge, hakijafunguliwa hata kimoja.

Nimevuta kiti. Nimemwambia akae. Akakaa.

Sikumpa ahadi. Nimemwambia: mwanzoni tumbo litachafuka, kula kwanza, na ukitaka kuacha mwambie daktari kabla hujaacha. Nimemuuliza kama leo amekula. Hakula.

Nimefunga mlango wa duka nusu, nimekwenda kununua mkate wa mayai, tukagawana.