Nyumba ya Mawe Haijanywewa

Voi,
Jumapili, 14 Agosti 1955

Kwa shemeji yangu Mwamburi, Werugha,

Natumai karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba ukungu wa mwezi huu haujakurudishia kile kikohozi. Mama anaendeleaje na goti? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa? Mimi mwili ni mzima. Ila mabehewa yakigongana stesheni, bado nainua kichwa nikidhani ni marehemu ndugu yako Mwakio anakung'uta viatu mlangoni.

Nina jambo, shemeji, na sikutaka ulisikie kwa watu wa lori kabla sijakwambia mwenyewe. Ni habari ya hii pombe yetu.

Unajua kuwa ilianza, lakini hukuwahi kuiona. Ndugu yako alikuwa akipakia mizigo relini, na watu wa Dawida, Wataita wenzetu, waliokuwa naye walikuwa wakililia pombe ya miwa ya nyumbani. Basi tukaleta miwa ya bondeni kwa baba yenu, tukaitwanga, tukatia yale matunda makavu ya kuchachushia, na mtungi nikauweka karibu na moto kama Mama anavyofanya huko kwenye baridi. Kumbe hapa Voi joto lenyewe ni moto. Asubuhi ilikuwa siki tupu. Mutua, yule Mkamba rafiki yake, alionja akafumba macho, akauliza, "Bwana Mwakio, hii ni ya kunywa au ya kusugulia sufuria?" Mwakio alicheka hadi akaketi chini.

Baada ya hapo alichimba shimo kivulini, akaufukia mtungi hadi shingoni, akauzungushia magunia ya maji. Ikatoka pombe tamu, nyepesi, ya kumfanya mtu anyamaze kidogo kwanza. Wakaja wa relini, wakaja wa mashamba ya mkonge, mwisho hata Wataveta waliopitia sokoni walikuwa wakiuliza njia ya kwetu. Mtungi ukazaa mitungi. Chifu akatupa kibali, na Mwakio akaanza kujenga nyumba ya mawe karibu na soko. Alifika kwenye linta, juu ya milango, homa ikamchukua. Mutua na wenzake ndio waliopandisha mabati.

Jumamosi iliyopita nilifungua mlango. Watu walijaa hadi nje. Nilimpa kibuyu cha kwanza mzee Mghalu wa Chawia, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa Wadawida hapa. Alikishika, akatazama kuta, akakiweka chini.

"Mama, nani ametasa, akapuliza funda la pombe kwenye nyumba hii?"

"Bado, mzee."

"Marehemu ana kaka?"

"Anaye. Yuko Werugha."

"Aliridhika na kazi hii?"

Sikuweza kusema ndiyo, shemeji. Nikafunika mtungi, naye akaelewa. Akasema, "Basi unataka kutunywesha kinyongo cha mtu." Wadawida wote wakaweka vibuyu chini. Mutua akapiga kelele, "Hasira za Wataita zinanihusu nini mimi? Nimiminie cha kwangu na cha mzee!" Watu walicheka, mzee Mghalu hakucheka. Mutua alikunywa peke yake, akatazama huku na huku, kisha naye akavaa kofia akaondoka. Nikabaki na mitungi iliyojaa na mabenchi mapya.

Sikuwalaumu. Na mimi nimelelewa hivyo. Nakumbuka baba yenu akitasa, akichukua funda la pombe, akilipuliza nje kama umande na kusema, "Nilikuwa na hasira, sasa imetoka, iwe baridi." Nakumbuka pia siku uliyomwambia Mwakio kwamba pombe ya baba ni ya wageni na wazee, haiuzwi kwa watu wa garimoshi. Tangu hapo hamkusemezana. Alipokufa ulimchimbia kaburi kwa mikono yako, hukumwachia mtu jembe. Wengine walipoondoka ulibaki umesimama. Sikujua ulikuwa unamwambia nini, na niliona haya kukuuliza.

Jambo moja hulijui. Hakuna mtungi ndugu yako aliofungua bila kutenga kibuyu kimoja. "Hiki cha kaka," alisema, akakitundika ukutani asiguse mtu. Jioni alikishusha akakinywa mwenyewe, polepole.

Kwa hiyo nakuomba uje. Lori la mboga huteremka siku ya soko, dereva anakujua. Sikuombi useme ulikosea. Simama tu mlangoni, useme yote yaliyo moyoni, hata yakiwa machungu juu yangu, kisha upulize funda lako. Lakini kama hasira bado ipo, usije kwa kunihurumia. Tasa ya mdomo tupu hainisaidii mimi wala yeye aliyelala. Hapo nitafunga mlango, nitampa Mutua ufunguo na nitarudi huko kulima. Nitapenda zaidi hivyo kuliko kukaa kwenye nyumba ambayo wewe huwezi kuiingia.

Msalimie Mama, mwambie nimemnunulia leso. Msalimie mkeo, aliyelala nami chini kwenye mkeka zile siku za matanga. Msalimie na mwalimu wa misheni aliyenifundisha kuandika. Mwambie mwandiko wangu haujanyooka lakini unasomeka.

Na ukipita pale kaburini, shemeji, simama kidogo unitaje na mimi.

Ni mimi mke wa ndugu yako,
Wakesho