Mshiriki wa Nne

Nyumbani kwetu,
Ghorofa ya tatu,
Alhamisi, 12 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani, na goti lako je? Bado unalikanda, au umeshalitelekeza kama kawaida yako? Sisi wazima wa mwili. Mama amepona mafua, nami nimebakiza wiki sita nifanye mtihani wa kuingia chuo kikuu. Natamani ningeishia hapo, lakini nina jambo la kukuomba.

Ulinicheka nilipochagua somo la saikolojia shuleni, ukasema nitawasoma wachumba mawazo mpaka wakimbie. Mawazo sisomi, Shangazi. Tunafundishwa kupima, kuandika na kutunza siri za tunaowapima. Mwezi huu tulipewa jaribio la kumbukumbu: unamsomea mtu maneno kumi na tano, unamwacha dakika ishirini, kisha anataja anayoyakumbuka.

Mama alitaja tisa. Fundi cherehani wa chini, yule mpenda umbea, alitaja kumi na mawili na akadai zawadi. Baba alikuwa mshiriki wa nne. Nilimsomea maneno yote, na dakika zilipoisha nikamwambia ataje. Akanitazama kwa upole.

"Nitaje nini, mwanangu? Si hata hujaanza kunisomea?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Alipoona uso wangu umebadilika, akachukua fomu ya ridhaa aliyotia sahihi kabla ya jaribio, akaweka kidole pale panaposema mshiriki anaweza kujitoa na majibu yake yafutwe. "Nimejitoa. Futa, na usimwambie mtu." Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nikafuta, nikaahidi.

Mwalimu alishatuonya kwamba jaribio la darasani si kipimo cha hospitali, na kwamba hata uchovu husahaulisha. Nilijishikiza hapo siku nne nzima.

Juzi fundi wa lifti anayefanya kazi na Baba, yule tunayemwita Kimya, alinisubiri kwenye ngazi. Kazi yao unaijua: mmoja akiingia kwenye shimo la lifti, mwenzake anazima umeme na kufunga swichi kuu kwa kufuli. Kimya alikuwa shimoni. Baba akaenda kunywa chai, akarudi, akafungua kufuli na kuwasha umeme. Lifti ikashuka. Kimya alijibana ukutani, ikampita na kumpasulia shati begani. Alinionyesha.

"Bosi sijamwambia," alisema. "Baba yako ni rafiki yangu. Ila na mimi nina watoto."

Nina hasira, Shangazi. Nina hasira na Baba, na hili somo, na zaidi na mimi mwenyewe, niliyeogopa kuvunja kanuni ya kwenye karatasi huku mtu akiponea chupuchupu.

Jumatatu wanaanza jengo la ghorofa kumi na mbili. Kimya amepangiwa kwingine. Atakayeingia shimoni ni fundi mgeni asiyejua lolote, na swichi atashika Baba. Usimpigie simu, maana atakuchekesha mpaka usahau ulichopigia. Barua hii nampa kondakta wa basi la usiku wa leo; panda basi la Jumamosi. Wewe ndiye uliyemlea, na ni wewe peke yako ukimwambia avae viatu mwende hospitali atavaa.

Nisalimie mumeo na Binamu Mkorofi. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Baba akikuuliza nani amekuita, usinifiche. Nitaje.

Akupendaye kwa dhati,
Binti wa mdogo wako