Maharage Arobaini na Nane

Jumatano, 4 Machi
Nimetembea tena njia ya jaribio la Jumapili, baiskeli mkononi. Kitambaa chekundu kwenye tairi. Kikifika juu, mzunguko mmoja: mita 2.10. Kila mizunguko mia, harage moja linahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Hadi pipa la kugeukia, upande wa Nyantende: 4,762. Kilomita kumi. Kwenda na kurudi, ishirini. Atakayeshinda chini ya dakika 38 anaingia kambi ya timu ya taifa, barabara na piste, ile njia ya duara ya uwanjani. Nafasi ya mwanamke ni moja. Nina miaka 32. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenipa hata mnyororo.

Jumamosi, 7 Machi
Salongo asubuhi, usafi wa pamoja wa kila Jumamosi. Mtaa mzima tumezibua mfereji. Nimekagua breki mara sita.

Jumapili, 8 Machi
39:25.
Siamini. Mwezi mzima mazoezini nilikuwa chini ya 38. Neema wa Nguba, niliyemfundisha kukata kona, leo ana baiskeli ya kaboni: 39:10. Wengine nyuma yetu. Hakuna aliyepita. Papa Bahati, mkuu wa majaji, akafunga daftari: "Bukavu haina mutu mwaka huu."

Jumatatu, 9 Machi
Nimerudi kupima njia na maharage 48, moja la akiba. Yameisha, pipa bado liko mbele! Nikaendelea kuhesabu kwa mdomo: 176. Jumla 4,976. Mama muuza ndizi akacheka: "Ni siye tulisukuma hilo pipa siku ya salongo, sababu ilikuwa inaziba mufereji. Kwani iko ya nani?" Wakaliacha walipochokea. Mita 450 mbele. Kwenda na kurudi, 900. Kwa mwendo wangu ni dakika moja na sekunde 42. Muda wangu wa kweli: 37:43. Nimelia kwa hasira.

Jumanne, 10 Machi
Nilisahau kupiga hesabu ya Neema. 37:29.
Nikisema, nafasi ni yake. Nikinyamaza, haendi mtu, na mwakani nitajaribu tena nikiwa na 33. Mwingine anayejua hayupo. Sijala.

Alhamisi, 12 Machi
Nimesema. Si kwa wema. Sitaki 39:25 ibaki kwenye jina langu. Papa Bahati, mbele ya wote: "Maman Furaha, huku tunakimbiza velo ao tunapika?" Wakacheka. Nikamtilia maharage mkononi. "Tembea, Papa. Uhesabu mwenyewe." Ametembea, viatu vya kanisani kwenye matope. Kufika harage la mwisho alikuwa ameacha utani.

Jumapili, 15 Machi
Orodha imetoka. Neema, 37:29. Chini yake mimi, 37:43. Kwa wino.
Inauma.
Baada ya misa Neema akaja, akasimama mlangoni. "Yaya, dada yangu, ni kweli velo ya piste haina breki?" Nilikimbia piste mara moja tu, nje ya nchi, kwa baiskeli ya kuazima. Nikamwambia: haina. Usiache kukanyaga, hata ukiogopa. Hasa ukiogopa. Akaandika.
Kesho natoka kwa mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Maharage nimeyarudisha mfuko wa kushoto.